Hesabu ya Siku za Ugenini

Elimu ya watu wazima kwa redio. Somo kwa madarasa ya kisomo, Bwejuu, Unguja

Natumai kila mmoja wenu amekaa vizuri, daftari liko mbele yake na kalamu iko mkononi. Mwalimu wenu atawasomea tena maneno haya baada ya redio kunyamaza, kwa hiyo asiyewahi kuandika neno asihangaike.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi za pwani yetu, tokea Paje mpaka Michamvi. Nyumba gani haina mtu aliye Maskati, au Dubai, au Uingereza? Na Bwejuu yenyewe ina wageni wanaokaa miezi na miaka. Wote hawa, wanaotoka kwetu na wanaokuja kwetu, wanaishi chini ya hesabu moja: hesabu ya siku. Anayeijua hulala salama. Asiyeijua huweza kupoteza kazi na makazi yake kwa siku moja tu.

Zamani hesabu hiyo iliwekwa na upepo. Majahazi ya Arabuni yalikuja Unguja na kaskazi, yakarudi na kusi. Nahodha akichelewa, upepo uligeuka, naye akangoja msimu mwingine. Hakuna aliyeweza kumbembeleza upepo. Siku hizi watu huenda kwa ndege, na safari ya Maskati ni ya saa chache. Lakini upepo haukuondoka. Umehamia kwenye karatasi. Nayo karatasi, kama upepo, haibembelezeki.

Sasa tufahamu karatasi zenyewe. Ziko tatu, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni pasi ya kusafiria. Hii hutolewa na serikali yako, nayo husema wewe ni nani na raia wa wapi.

Ya pili ni viza. Hii hutolewa na nchi unayokwenda, nayo ni ruhusa ya kubisha hodi na kuingia. Viza nyingine ni ya kuingia mara moja tu. Ukishatoka, imekwisha, hata kama tarehe yake haijafika.

Ya tatu ni kibali cha ukaazi, au kadi ya ukaazi. Hii husema unaweza kukaa katika nchi ya watu kwa muda fulani na kwa kazi fulani. Mwenye kadi hii huruhusiwa kutoka na kurudi, lakini si kwa muda anaoupenda yeye. Hapo ndipo penye mtego.

Tuchukue mfano wa Oman, maana uhusiano wetu na nchi hiyo ni wa zamani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wengi walihamia huko, hasa Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwakaribisha waliokuwa na asili ya Oman. Hao wakawa raia. Lakini wanaokwenda leo kufanya kazi za nyumbani, za dukani au za udereva si raia. Wao ni wakaazi wenye kadi inayotolewa na polisi wa huko, na kadi hiyo imefungwa kwa mtu anayewadhamini, ambaye mara nyingi ni mwajiri.

Kanuni ya Oman ni hii: mkaazi wa kigeni akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya siku 180 mfululizo, ukaazi wake hufa. Hata kama kadi yake inaonyesha kuwa bado ina mwaka mzima, imekufa. Akifika uwanja wa ndege huambiwa hawezi kupanda, na huenda ikambidi kuanza upya: viza mpya, mdhamini, kipimo cha afya, na gharama zake.

Wengine husema, “Siku 180 ni miezi sita, basi nitahesabu miezi.” La, usihesabu miezi. Hesabu siku. Tufanye hesabu hii pamoja katika daftari. Tuseme mama mmoja wa Bwejuu ametoka Maskati tarehe 10 Januari, katika mwaka ambao Februari ina siku 28. Tuanze kuhesabu kesho yake.

Januari zimebaki siku 21.
Februari siku 28, jumla 49.
Machi siku 31, jumla 80.
Aprili siku 30, jumla 110.
Mei siku 31, jumla 141.
Juni siku 30, jumla 171.
Zinabaki siku 9 za Julai, jumla 180.

Basi siku yake ya mwisho ni tarehe 9 Julai. Angehesabu miezi angesema tarehe 10 Julai, naye angekuwa amechelewa. Siku moja tu! Tena wako maofisa wanaoihesabu hata ile siku ya kutoka. Kwa hiyo mwenye busara hangoji siku ya 180. Huweka nia ya kuwa amekwisha rudi siku ya 150, ambayo kwa mfano wetu ni tarehe 9 Juni.

Sasa tutazame jambo zito zaidi, maana maisha hayafuati kalenda. Mama huyo huyo amekuja likizo. Tarehe 11 Machi, siku ya 60 tangu atoke Maskati, mumewe anafariki dunia hapa nyumbani. Hapana budi akae eda. Eda ya mjane ni miezi minne ya mwandamo na siku kumi, yaani kama siku 128. Zijumlishe na zile 60: ni siku 188. Eda yake inakwisha tarehe 17 Julai, na ukaazi wake umekufa siku nane kabla.

Jamaa watamwambia, “Kaa utulie, mambo ya kazi baadaye.” Wanasema kwa mapenzi. Lakini mama huyu ndiye anayesomesha watoto, na sasa watoto hawana baba. Afanye nini? Mambo ya dini atawauliza masheikh, si mimi. Lakini hesabu ataifanya mwenyewe, na ataifanya katika juma lile la kwanza la msiba, si mwezi Julai. Akijua mapema, ataweza kumwarifu mwajiri wake kwa maandishi, ataweza kuuliza kama iko njia ya kumsaidia, na ikiwa hakuna ataamua akiwa amefumbua macho. Huenda akaamua kuiacha kadi ife, ashike eda yake, na kuanza upya baadaye. Uamuzi huo ni wake, nao ni wa heshima. Kisichokuwa cha heshima ni kuambiwa habari hiyo mara ya kwanza mbele ya watu, uwanjani, na sanduku mkononi.

Kina mama wa Bwejuu msiseme hesabu hii ni ngumu. Ninyi mnalima mwani tangu ukulima huo ulipoenea pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Nani asiyejua siku ya bamvua na siku ya maji mafu? Nani asiyejua kuwa mwani uliofungwa kambani leo utavunwa baada ya wiki sita hivi? Mnahesabu siku kila mwezi. Kinachotakiwa ni kuziandika.

Kila nchi ina kipimo chake, wala usichukue kanuni ya huku ukaitumia kule. Falme za Kiarabu nazo huhesabu miezi sita kwa wakaazi wa kawaida. Saudi Arabia humtaka mfanyakazi wa kigeni awe na viza ya kutoka na kurudi kabla hajaondoka, na viza hiyo ina tarehe yake. Uingereza, mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa bila kikomo huipoteza kwa kawaida akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Marekani, mkaazi wa kudumu anayetaka kukaa nje mwaka mmoja au zaidi hutakiwa kuomba kibali cha kurudi kabla hajaondoka. Tena huko, mgeni akihama nyumba hutakiwa kuiarifu serikali anuani yake mpya kabla ya siku 10 kupita.

Hili la mwisho ni jambo la pili la somo letu: kutoa taarifa ya mahali unapokaa. Wengine huona ni ushushushu. Lakini serikali ikikuandikia barua, itaipeleka kwenye anuani iliyo nayo. Barua isiyokufikia haikuondolei wajibu.

Nasi hapa kwetu tuna desturi hiyo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni akikaa, si mgeni tena. Ana wajibu kama wenzake. Mgeni anayehamia Bwejuu, awe ametoka Pemba au Ulaya, yafaa afike kwa sheha ajulikane. Sheha ndiye anayeandika watu wa shehia. Siku ya maradhi, ya moto au ya kupotelewa na pasi, atamwandikia barua mtu anayemjua.

Basi ukipangisha chumba kwa mgeni, usione haya kumwuliza karatasi zake. Mtalii wa kawaida huruhusiwa Tanzania siku zisizozidi 90, na viza hiyo si ya kazi. Mgeni anayekuja kukaa huhitaji kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji. Daraja A ni la mwenye mtaji wake, daraja B ni la aliyeajiriwa, na daraja C ni la wengine, kama wanafunzi na watafiti. Jirani zetu wa Kenya na Uganda huingia bila viza kwa kuwa ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini nao wakitaka kufanya kazi lazima wafuate sheria ya vibali.

Mwambie mgeni wako pia jambo hili. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Akivuka kwenda Dar es Salaam hajatoka nchini, ingawa ataulizwa pasi bandarini. Lakini akienda Mombasa ametoka, na kabla hajaondoka aulize kama viza yake itamrudisha.

Sasa andikeni mambo matano ya kushika.

1. Siku unayovuka mpaka, andika tarehe katika daftari lako. Usitegemee muhuri, maana vituo vingine havipigi muhuri tena.

2. Hesabu siku yako ya mwisho siku hiyo hiyo. Iandike, na mpe jamaa mmoja nyumbani aijue.

3. Tazama tarehe mbili, ya kadi na ya pasi. Nchi nyingi hukataa pasi iliyobakiwa na chini ya miezi sita. Zisome kwa mpango wa siku, mwezi, mwaka. Marekani hutanguliza mwezi, hivyo 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi.

4. Weka nakala ya pasi, kadi na mkataba kwa mtu wa nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, na wengi wao walisema waajiri walichukua pasi zao. Asiye na pasi lakini ana nakala ana pa kuanzia anapofika ubalozini.

5. Kanuni hubadilika. Kila safari, uliza upya ubalozini au Uhamiaji. Usimwulize aliyesafiri miaka mitano iliyopita, hata kama anakupenda sana.

Maneno mapya ya somo: ukaazi, mdhamini, mfululizo, nakala, anuani, muhuri. Yasomeni kwa sauti, kisha kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila neno.

Zoezi la kwanza. Kijana ametoka Maskati tarehe 1 Septemba. Siku yake ya 180 ni tarehe gani, ikiwa Februari ina siku 28? Hesabuni wawili wawili, mmoja asome miezi na mwenziwe ajumlishe. Jibu ni tarehe 28 Februari. Asiyelipata arudie kuanzia Oktoba.

Zoezi la pili ni la nyumbani, nalo ndilo kubwa. Mwenye mtoto, ndugu au mume ugenini, jioni ya leo amwombe amtumie tarehe tatu: ya kadi, ya pasi, na siku aliyovuka mpaka mara ya mwisho. Aziandike kwa mkono wake mwenyewe katika ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Huko nyuma alihitaji kumpelekea mtu mwingine amsomee. Sasa azisome mwenyewe, na akiona siku zinakaribia, yeye ndiye awe wa kwanza kupiga simu na kusema, “Mwanangu, rudi kazini, siku zako zinakwisha.”

Kwaherini mpaka somo lijalo.