Mbaraka Mwinshehe: Mapenzi Peke Yake Hayatoshi



Mwezi wa Januari mwaka 1979 habari zilifika Morogoro kutoka Kenya kwamba Mbaraka Mwinshehe Mwaruka amefariki dunia kwa ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mji wa Morogoro ulikuwa umekwisha kuonja msiba wa namna hiyo. Mwaka 1965 Salum Abdallah, mwanzilishi wa bendi ya Cuban Marimba, naye aliuawa na ajali ya gari. Katika muda wa miaka 14 mji mmoja ulipoteza watunzi wake wawili mashuhuri, wote wangali na nguvu za kufanya kazi.

Tangu siku hizo wapenzi wa Mbaraka hawakumsahau. Wimbo wake wa "Shida" ukipigwa redioni, wazee hukatiza mazungumzo wakasikiliza, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki huuitikia. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kama anakumbukwa. Linalopasa kuulizwa ni hili: anakumbukwa kwa namna gani, na kumbukumbu hiyo itadumu mpaka lini?

Kilichowavuta wapenzi hakifichiki. Mbaraka alitunga, akaimba na kupiga gitaa la solo, yote yeye mwenyewe. Sauti yake iliponyamaza, gitaa lililipokea neno na kuliendeleza. Tena aliimba mambo ya watu wa kawaida kwa Kiswahili chao: dhiki, pesa, urafiki, masimango. Mambo ya nchi nayo hayakumpita. "Expo 70" ni wimbo unaohusu maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Osaka, Japani, mwaka 1970. "Dr. Kleruu" unamhusu Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, wakati wa utekelezaji wa siasa ya vijiji vya Ujamaa. Mwalimu wa historia anayetafuta njia ya kuwaeleza wanafunzi wake miaka ile anaweza kuanzia hapo.

Hata hivyo, mapenzi haya yana upungufu, na upungufu huo hauna budi kusemwa. Mbaraka hakupiga peke yake. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa yeye. Aliikuta imekwisha kujengwa na wengine. Alipojitenga mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, alihitaji tena wenzake. Nyuma ya solo iliyowarusha watu kulikuwa na mpiga rithimu, mpiga besi, mpiga ngoma na mpuliza saksafoni. Maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam hutoka katika vijito vingi vya Milima ya Uluguru, lakini mnywaji anaujua mto tu. Ndivyo walivyo wapenzi wengi wa Mbaraka. Ukiwauliza nani alipiga rithimu katika wimbo wanaoupenda kuliko yote, wengi hawana jibu.

Sababu mojawapo ni jinsi muziki ule ulivyohifadhiwa. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika kanda kwa ajili ya matangazo. Santuri zilifyatuliwa Kenya, kwa kuwa wakati huo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kazi hiyo. Mara nyingi karatasi ya santuri ilitaja wimbo, bendi na mtunzi, basi. Majina ya wapigaji yalibaki vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vinazeeka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Mbaraka alipofariki amekwisha kuvuka miaka 60. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anakwenda na majina ambayo hayamo katika jalada lolote.

Lipo pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka kinga ya kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, kinga ya tungo za Mbaraka ina mwisho mwaka 2029. Mtu anayenakili nyimbo zake na kuziuza bila idhini hujitetea kwamba anamtangaza marehemu. Huo si upenzi. Huko ni kula jasho la mtu asiyeweza tena kudai, na kuwanyima warithi wake kilicho chao.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alionyesha kwamba utamaduni ni kazi ya Taifa, si jambo la kupitishia wakati. Lakini hakuna wizara inayoweza kubisha hodi kwa kila mzee aliyecheza dansi la mwisho wa mwezi. Mwalimu wa Morogoro mjini, wa Mgeta, wa Matombo au wa Kilosa anaweza. Daftari moja na wanafunzi wachache wanatosha. Waulize: bendi ilipiga wapi, mwaka gani, nani alishika chombo gani, wimbo gani uliombwa urudiwe. Wazee wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili yaandikwe. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, naye aitunze kama anavyotunza majalada mengine ya umma.

Wapenzi wamefanya sehemu yao kwa kuimba. Kazi ya kuandika ni ya wale ambao Taifa limewasomesha ili waandike, na inafaa ianze kabla wazee hawajamalizika.