Gayogayo: Samaki Anayelalia Ubavu

Gayogayo ni samaki bapa wa sakafu ya bahari, na jamii yake ina aina zaidi ya 700. Ni rahisi kumfananisha na taa, lakini ubapa wao haufanani. Taa hulala kifudifudi, tumbo chini na mgongo juu. Gayogayo hulalia ubavu. Ukimgeuza utakuta upande wa chini ni mweupe na hauna jicho. Macho yote mawili yako upande wa juu, na mdomo umepinda.

Hazaliwi hivyo. Akitoka kwenye yai huogelea wima kama changu, kila upande na jicho lake. Baadaye mifupa ya fuvu huanza kujipinda. Jicho moja hupanda taratibu, huvuka utosi na kutua karibu na mwenzake, kisha samaki huyo mdogo hushuka chini na kuulalia ule ubavu usio na jicho. Aina nyingi zikishakua hazina tena kifuko cha hewa cha kuzielesha.

Akitua, hutikisa mapezi hadi mchanga umfunike, yabaki macho tu yakizunguka, kila moja kivyake, kuvizia kamba na samaki wadogo. Ngozi yake huiga rangi ya mahali alipolala, iwe mchanga mweupe au changarawe yenye madoa. Kazi hiyo huongozwa na macho: akizibwa macho, hushindwa kujilinganisha na sakafu. Aina moja, Pardachirus marmoratus, hutoa utomvu mweupe kama maziwa kwenye mashina ya mapezi yake. Eugenie Clark, aliyeichunguza katika Bahari ya Shamu, aliona papa akifunua kinywa kumla samaki huyo na kushindwa kukifunga.

Jicho linalohama liliwahi kuzua ubishi mkubwa. Mwaka 1871 St. George Mivart alimhoji Charles Darwin kuhusu nadharia yake ya mageuko ya viumbe: kama mabadiliko huja kidogo kidogo, jicho lililofika nusu ya safari lingemfaa nini samaki? Hoja hiyo ilikuwa nzito. Mwaka uliofuata Darwin alijibu kwamba samaki wachanga wakilala hujikakamua kuangalia juu kwa jicho la chini, na kwamba mazoea hayo yaliweza kurithiwa. Ilistahili jibu bora kuliko hilo. Lilipatikana mwaka 2008, pale Matt Friedman alipoeleza visukuku vya miaka kama milioni 50, vikiwemo vya Monte Bolca nchini Italia: samaki waliokwisha kukomaa, jicho moja limepanda lakini halijavuka utosi.

Dalili ya safari hiyo ingalipo katika Bahari ya Hindi. Gayogayo mwenye meno makali, Psettodes erumei, ana miiba kwenye pezi la mgongo kama samaki wengi wa kawaida, na huweza kuogelea wima. Baadhi yao hulalia kushoto, wengine kulia. Jicho lake lililohama hukomea juu kabisa, ukingoni mwa kichwa.