Bunge Lililokufa Bila Matanga



Kabla hatujayalaumu mabunge ya kaunti tuliyoyapata mwaka 2013, yatupasa tulikumbuke lile lililoyatangulia. Katiba ya 1963 iliigawa Kenya katika majimbo saba, kila moja na bunge lake. Wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo makao yake yalikuwa Homa Bay na ambayo Migori ilikuwa sehemu yake, iliwakilishwa katika Bunge la Jimbo la Nyanza.

Ajabu ni kwamba sisi wa Nyanza tuliipa KANU ushindi katika bunge hilo, na KANU haikuutaka mfumo wenyewe! Serikali ikayanyima majimbo fedha. Kinga iliyobaki ilikuwa Seneti, ambako kuyagusa majimbo kulihitaji tisa ya kumi ya kura. KADU ilipojivunja Novemba 1964, kinga ikabomoka. Mwaka 1965 mabunge hayo yakageuzwa kuwa mabaraza ya mikoa, jina tupu, na kufikia 1968 yalikwisha futwa. Mwananchi hakuulizwa.

Leo kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 chadai kura ya maoni kabla muundo wa ugatuzi haujabadilishwa. Hilo ni jambo kubwa. Lakini bunge huuawa pia kwa njaa. Kaunti zimewekewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa; fedha hizo zinapochelewa, waulizeni wawakilishi wa wadi, 40 Homa Bay na 40 Migori, wamedai wapi, lini, na kwa hoja gani.