Kundi la Simu na Mkutano wa Chama
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mpanda



Nimeombwa nizungumzie namna tunavyopashana habari kwa simu, na jinsi jambo hilo linavyogusa elimu ya mwanachama na uhusiano wetu vyamani. Nitaanza na kisa.

Katika chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, ambacho sitakitaja, masoko yalikuwa yamekwisha kuanza. Usiku mmoja ikaingia picha katika kundi la WhatsApp la wanachama. Ilikuwa picha ya hati ya mauzo iliyokatwa juu na chini. Haikuonyesha tarehe, wala daraja, wala jina la chama. Kilichoonekana ni bei tu, nayo ilikuwa kubwa kuliko ile waliyolipwa wengi. Aliyeituma aliandika chini yake: "Wenzetu wanalipwa hivi. Sisi je?" Hadi asubuhi katibu alikuwa amekwisha kuitwa mwizi.

Kila mkulima wa tumbaku anajua kwamba mteuzi huupanga mzigo kwa madaraja, na kila daraja lina bei yake. Wanachama wale waliyajua hayo pia. Wangekuwa wameketi pamoja wangeyasema wenyewe. Lakini kundini, mmoja aliyeuliza "Hilo ni daraja gani?" aliambiwa kuwa ni kibaraka wa uongozi, na swali lake likafunikwa na ujumbe mwingine mwingi uliofuata. Katibu alijibu saa tano ya usiku kwa ujumbe mrefu wa sauti ambao wengi hawakuusikiliza hadi mwisho. Mjumbe mmoja wa bodi alijitoa kundini kwa hasira, na kujitoa kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri.

Madhara hayakuishia katika maneno. Baadhi ya wanachama walitorosha mitumba yao ya tumbaku kwa walanguzi. Ninyi makatibu mwajua maana yake. Mbolea na pembejeo nyingine zilichukuliwa kwa mkopo kwa dhamana ya chama. Deni hukatwa katika mauzo yanayopitia chamani, na mzigo ukipita kando, deni hubaki kwa wote. Wale wenye simu za kitochi hawakuiona picha hiyo kamwe. Walileta tumbaku yao sokoni kama kawaida, kisha wakajikuta wamebeba sehemu ya deni la waliochochewa.

Mkutano ulipoitwa, hati mbili ziliwekwa mezani: ya chama, na ile iliyopigwa picha, safari hii ikiwa kamili. Daraja kwa daraja, bei zilikuwa sawa. Kazi hiyo haikuchukua nusu saa. Lakini wapo mashemeji wawili waliotukanana kundini ambao hawajaketi pamoja mpaka leo, kwa kuwa matusi yaliyoandikwa bado yamo simuni, na kila mwenye hasira aweza kuyafungua na kuyasoma upya.

Sisemi kwamba simu ni adui wa ushirika. Mkoa wetu wa Katavi ni mpana. Kutoka Karema ziwani hadi Inyonga ni safari ya kujiandaa. Wazee wanakumbuka barua iliyokuja kwa treni kutoka Kaliua, kisha ikapanda baiskeli hadi kijijini, na mara nyingine ikafika baada ya mkutano wenyewe kwisha. Leo katibu hutangaza siku ya soko na habari ikafika kabla ya chakula cha mchana. Kwa kazi ya tangazo, simu haina mfano. Shida huanza pale tangazo linapogeuka kuwa baraza lisilo na mwenyekiti.

Hapa yafaa tukumbuke jambo moja katika historia ya elimu yetu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Ilifikisha sauti moja kwa watu wapatao milioni mbili nchi nzima, na chombo chake kikuu kilikuwa redio, ambayo msikilizaji hawezi hata kuijibu. Hata hivyo watu walijifunza, na vyoo vingi vilichimbwa. Siri yake haikuwa redio peke yake. Watu walikusanyika kwa vikundi vidogo chini ya kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watakalolifanya kijijini kwao. Asiyejua kusoma alisomewa mbele ya wenzake, hivyo msomaji hakuweza kuongeza wala kupunguza. Siku hizi mzee mwenye shamba humpa mjukuu simu amsomee, naye mjukuu husoma lile linalomchekesha.

Tofauti nyingine ni uso. Mtu akiuliza swali mkutanoni, tunaona kama ameudhika, ametania au hajaelewa. Kundini maneno huja makavu, na kila msomaji huyatia sauti aliyonayo moyoni. Mwenye wasiwasi huona dharau palipo na haraka tu. Tena anayemjibu mtu mmoja husomwa na watu mia mbili, na ni vigumu kwa mtu kurudi nyuma mbele ya hadhira ya namna hiyo. Mkutanoni mwenyekiti angesema, "Ndugu, keti kwanza," na jambo likapoa.

Hata wenye WhatsApp waliona hatari ya uvumi. Mwaka 2019 waliweka mpaka: ujumbe usipitishwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi ukazuiwa kupelekwa kwa zaidi ya mmoja kwa mara moja, nao huwekewa alama ya mishale miwili. Wafundisheni wanachama kuitazama alama hiyo. Maana yake si kwamba habari ni ya uongo; maana yake ni kwamba imetembea sana na huenda aliyeileta hamjui aliyeianzisha.

Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini mimi sipendi kuona katibu akimkimbilia polisi dhidi ya mwanachama aliyeuliza vibaya. Mwanachama ana haki ya kuuliza bei ya jasho lake. Tumpe mahali pazuri pa kuulizia. Vilevile, orodha za malipo zenye majina na fedha zisirushwe kundini. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla ya sheria hiyo ilikuwa aibu kumtangazia mtu mapato yake mbele ya wakwe na wadai.

Basi, kabla masoko ya msimu ujao hayajafunguliwa, naomba bodi zenu zijadili mambo haya. Kundi la chama liwekwe katika hali ya matangazo, ambapo viongozi wake tu ndio wanaoweza kuandika. Bei ya kila daraja iandikwe kwa chaki ubaoni, mlangoni pa ghala, siku ileile, ili mwenye kitochi na mwenye simu janja wasome kitu kimoja. Siku moja ya juma, saa inayojulikana, katibu aketi ghalani na hati zote za mauzo, na mwanachama yeyote azifungue mwenyewe. Swali lililoulizwa na jibu lake viandikwe katika daftari la chama, si katika simu ya katibu, kwa maana simu huibiwa na makatibu hubadilika.

Sasa nitapokea maswali. Nawaomba tuanze na wale wasio na simu janja.