Mashini ya kukausha nguo: kwanza tere, kisha jetoni

(Maneno yaliyosemwa mu mkutano wetu wa mwezi, Katuba)

Mimi ni fundi wa umeme. Mbele ya kurudi hapa Lubumbashi nilifanya miaka saba mu nyumba ya kufulia nguo kule Johannesburg.

Kati yetu kuna bandugu wanne wanaotaka mkopo wa kufungua kazi ya kukausha nguo. Wazo lao ni zuri. Toka mwezi wa 11 mpaka wa 3 mvua haituachi, nguo za watoto zinabaki mbichi ku kamba. Na kwa sababu franga yetu ni ya karatasi, mashini za sarafu tunazitumikisha na jetoni. Hapo hakuna shida. Shida iko nyuma ya mashini.

Msimu wa mvua uliopita niliitwa ku nyumba moja. Mama mmoja alikuja kuweka jetoni, miguu wazi, chini maji. Umeme ukamtupa. Alipona, tunamshukuru Mungu. Nilipofungua nyuma, nikakuta fundi alifunga mwili wa mashini ku netre, eti "ni tere hii". Bandugu, netre si tere! Siku netre inakatika, volti 220 zote zinafika ku mwili wa mashini, palepale mteja anapogusa. Tere ni waya yake peke, ya kijani na manjano, inayoshuka mpaka ku chuma kilichopigwa mu udongo.

Basi, tushike mambo haya.

Moja: soma kibao cha mashini. Hapa kwetu ni volti 220, hezi 50. Mashini iliyotengenezwa kwa hezi 60, kama zile za Marekani, mota yake hapa inazunguka polepole na kupata moto.

Mbili: mashini ya wati 5.000 inavuta karibu ampea 23. Prizi ya nyumba ni ya 16. Usiiunge ku rallonge! Ipe laini yake yenyewe toka ku tablo: waya ya milimeta 6 za mraba, disjonkta ya ampea 32.

Tatu: weka diferansieli ya miliampea 30. Hiyo ndiyo inakata mbele mtu afe. Kila mwezi bonyeza kitufe chake cha kujaribu. Kama haikati, mashini isimame.

Nne: umeme ukikatika, shusha disjonkta na utoe nguo, kwa sababu nguo za moto zilizobanana zinaweza kuwaka. Umeme ukirudi, ngoja kidogo utulie. Na pamba ya ku kichujio, itoe kila mara.

Tano: tere ipimwe mwezi wa 9, udongo ukiwa mkavu kama tofali. Ukiipima wakati wa mvua, udongo ulio na maji unakudanganya: kipimo kinakuwa kizuri, kisha mu kiangazi kinaharibika.

Najua mtasema: fundi, hii yote ni makuta. Ni kweli. Na mtu akikosa makuta, kitu cha kwanza anachoondoa ni tere, kwa sababu mashini inazunguka hata bila yake. Ndiyo maana naomba komite: sehemu ya mwisho ya mkopo isitoke mpaka tere ipimwe na karatasi isainiwe.

Na ninyi bafadhili, mmetuahidi mashini ya tatu. Aksanti sana. Lakini kama mnaweza, mbele ya hiyo mtutumie chombo cha kupimia tere. Hatuna hata kimoja. Mashini moja inalisha nyumba moja. Chombo hicho kitalinda wateja wa nyumba zote nne.