Amana ya Msafiri Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyeitandaza ardhi na kuisimamisha milima juu yake. Sala na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlio majumbani na mashuleni, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, mkaapo na msafiripo.

Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar bin Khattab alitoka Madina kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake walimlaki na kumpa habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamshauri arudi. Abu Ubayda bin Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine mkavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari yake Mola. Ndipo akaja Abdulrahman bin Awf, ambaye hakuwapo katika mashauri yale, akaeleza alivyomsikia Mtume akikataza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, na walio ndani yake wasitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akarejea Madina.

Ndugu zangu, katazo hili lina pande mbili, nasi tunapenda kuukumbuka mmoja. Kutoingia kwenye maradhi ni kujilinda nafsi zetu, na nafsi kila mtu anaipenda. Lakini kutotoka ni kuwalinda watu wasiotujua, wala hawatajua kamwe kwamba tuliwahurumia.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Siku tano baadaye Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, naye alikuwa msafiri aliyewasili kwa ndege. Mwaka ule hata Hija, nguzo ya dini, ambayo mwaka 2019 ilihudhuriwa na mahujaji wapatao milioni mbili na nusu, ilifanywa na watu kama 1,000 tu, wote wakiwa tayari ni wakaazi wa Saudi Arabia. Ikiwa safari ya kwenda Nyumba ya Mwenyezi Mungu iliahirishwa kwa ajili ya kuhifadhi roho za watu, itakuwaje mtu aseme kwamba matembezi yake ya kutazama wanyama au kupanda mlima hayawezi kungoja, kwa kuwa amekwisha kulipa?

Wala sisemi kwamba kutembea ni kosa. Qur'ani imetuhimiza kwenda katika ardhi na kuzingatia, na safari hizi ni riziki ya watu wengi. Watalii walioingia Tanzania walikuwa takriban milioni moja na nusu mwaka 2019. Mwaka 2020 hawakufika 630,000. Nyuma ya hesabu hiyo kuna sufuria zilizokosa unga. Ndiyo maana wengi walikuwa na hamu ya kuona milango ikifunguliwa, na milango ikafunguliwa mwezi wa Mei mwaka ule ule, nayo maradhi hayajaondoka.

Basi tuutazame mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Mgeni hupanda na mwongozaji, mpishi na wapagazi kadhaa. Yeye hulala katika hema la watu wawili. Wapagazi mara nyingi hujazana katika hema moja, wamefunga mlango kwa sababu ya baridi, pumzi zao zikichanganyika usiku kucha. Na huko juu hewa ni nyepesi: kileleni mtu hupata kama nusu ya oksijeni aliyoizoea pwani. Kichwa humwuma, hukohoa, pumzi humwishia. Mimi si tabibu, lakini matabibu wanatuambia kwamba dalili hizi ni za maradhi ya mlima na pia zaweza kuwa za korona, wala kwa macho hazitenganishwi. Anayezidiwa nazo na ateremshwe upesi, asingoje kukipambanua kilichomsibu.

Sasa mfikirini kijana mpagazi aliyeamka na homa alfajiri ya safari. Akisema kweli, atarudishwa nyumbani bila ujira, na nafasi yake atapewa mwingine anayesubiri langoni. Akinyamaza, atabeba mzigo wake na maradhi yake pamoja, na usiku atalala kati ya wenzake. Ni wepesi kumlaumu kwa kuficha. Na hapa nitasema neno ambalo baadhi ya wenye makampuni hawatalipenda: aliyeweka utaratibu wa kwamba mkweli hukosa chakula, ana fungu lake katika uongo ule. Mtume ametuhimiza kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Basi na alipwe angalau kiasi cha kumrudisha kwa watoto wake yule aliyezuiwa na homa. Mgeni naye, aliyekuja kwa mali yake, akificha homa ili asikose kilele, ana udhuru gani?

Hata wanyama wana haki juu yetu. Machi 2020 Rwanda, Uganda na Kongo zilisimamisha safari za kuwatazama sokwe wa milimani, kwa kuwa viumbe wale huambukizwa maradhi ya pumzi ya binadamu. Uganda ilipofungua tena, wageni walitakiwa kuvaa barakoa na kusimama mbali, mita 10.

Korona haitishi tena kama zamani. Lakini maradhi ya Marburg yalizuka mkoani Kagera mwaka 2023, yakarudi huko mwaka 2025, na aliyemgusa mgonjwa hungojewa siku 21 kabla hajaaminiwa kuwa mzima. Siku 21 ni nyingi kwa mwenye tiketi mkononi. Na amzuiaye mtu wa namna hiyo asisafiri, hata akiwa mwanawe mwenyewe aliyepata nafasi ya chuo mji wa mbali, amemtendea wema.

Abu Ubayda alibaki Sham pamoja na watu wake, akafa kwa tauni ile. Waandishi wa tarikh wanaeleza kwamba baadaye Amr bin al-As aliwaamuru watu watawanyike milimani, wasikusanyike pamoja, hata Mwenyezi Mungu akawaondolea.

Nasema haya, nami najiombea maghufira kwa Mwenyezi Mungu, mimi nanyi na Waislamu wote.