Dawa Isiyopatana na Maji

Askari wa Tanzania walipoingia mashariki mwa Kongo mwaka 2013, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, hawakukabiliwa na waasi peke yao. Malaria nayo ilikuwapo. Dawa mseto ya artemeta na lumefantrini humezwa vidonge 4 kwa mtu mzima, mara 6, kwa siku 3. Lumefantrini haipatani na maji. Ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita bila kuyeyuka, na ugonjwa huweza kurudi baada ya majuma machache. Ikimezwa baada ya mlo wenye mafuta mengi, kiasi kiingiacho damuni huweza kuongezeka mara 16. Lakini homa huondoa hamu ya kula, na doria haina jiko.

Ndiyo maana wataalamu wanajaribu kuiyeyusha katika mafuta yaliyotiwa kitu chenye tabia ya sabuni, kisichodhuru. Mchanganyiko huo ukikuta maji ya tumboni hujigawa wenyewe kuwa vitone vidogo mno. Si ndoto: siklosporini, dawa ya waliopandikizwa figo, hutengenezwa hivyo tangu miaka ya 1990. Kwa sasa kopo la maziwa lastahili kukaa ndani ya sanduku lile lile la dawa.